Rangi ya Ladislao

Wiki iliyopita nilikuwa Milanzi, hapahapa Sumbawanga, kwenye gereji moja ya kando ya barabara, nimekaa juu ya tairi bovu nikisubiri gari la mjukuu wangu. Sikuwa na la kufanya ila kutazama. Kijana mmoja alikuwa anafunga injini. Simu kaibana kwa bega, anacheka na mtu, huku mkono wa kulia unakaza bolti za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe, moja ya huku, moja ya kule, kama mtu anayewatupia kuku mahindi. Nikanyamaza. Mke wangu amenifundisha kunyamaza. Kisha mwenzake akagusa nati moja iliyokuwa imepakwa alama ya rangi, nati ikazunguka kwa vidole. Akaangua kicheko. "Oya, hii rangi ya Ladislao." Gereji nzima ikacheka.

Nikainuka. Nikamwuliza, "Ladislao ni nani?"

Alinijibu kwa adabu, kwa adabu sina la kumlaumu. "Shikamoo mzee. Ni msemo tu wa sisi mafundi. Kitu kimepakwa rangi lakini hakijakazwa. Kazi ya kulaghai."

"Nimekuuliza Ladislao ni nani."

"Sijui mzee. Labda fundi fulani wa zamani, mwizi mwizi hivi."

Mwizi mwizi hivi. Nikakaa tena juu ya tairi. Gari lilipokuwa tayari nikarudi nyumbani Malangali, na tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Mke wangu ananiambia, mzee, angalia presha. Presha na ipande. Mmenichosha nyie vijana, na mimi mwenyewe nimejichosha zaidi. Nitawaandikia hapa Ladislao alikuwa nani na rangi yenyewe ilitoka wapi, na mkae mnisikilize mpaka mwisho, simu muweke mfukoni.

Nilianza kazi kwenye yadi ya malori hapa Sumbawanga miaka ile ya Ujamaa, vijiji vinapangwa upya na kila kitu kinasafirishwa: watu, mabati, mbegu, mbolea, mahindi. Yadi imeshakufa na jina lake sina haja ya kulitaja. Ilikuwa na malori manne, na siku yenye bahati matatu yalikuwa mazima. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ladislao, Mfipa wa Chala, mtu mfupi mwenye viganja vipana kama sepetu. Ukoo wao zamani walikuwa wafua chuma, wenye zile tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake siku hizi mnaenda kupigia picha. Hakujisifu kwa hilo. Alisema tu kwamba babu yake aliyeyusha chuma bila kupiga domo, kwa hiyo na sisi tunaweza kukaza nati bila kupiga domo.

Vipuri havikuwepo. Sisemi vilikuwa ghali, nasema havikuwepo. Ukiandika barua kuomba bolti mpya, jibu linakuja wakati lori lenyewe limeshaota nyasi. Kwa hiyo bolti ileile ilitumika tena na tena, na kazi yetu ilikuwa kujua ipi bado inafaa. Ladislao alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha. Anasimamisha bolti zote juu yake, vichwa chini, kisha anainama mpaka jicho linakuwa sawa na ncha zake. Iliyowapita wenzake kwa urefu, hata kama ni unene wa ukucha, imevutika. Hiyo inatupwa. Nyie mna vipimo vya kila namna na bado mnarudisha bolti iliyochoka kwa sababu inaonekana nzuri. Inaonekana nzuri kwa nani?

Na msikaze bolti kavu. Nimewaona. Uzi mkavu unakudanganya: unasikia imebana, kumbe ni kutu inayolalamika. Safisha uzi, pangusa, paka oili kidogo kwa kidole. Asubuhi za Juni hapa kwetu oili inaganda kama uji uliolala, basi iweke karibu na moto kwanza. Silinda hedi anzia katikati, nenda nje huku na huku, kama unavyonyoosha mkeka ili usikunjike. Raundi ya kwanza kaza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ndiyo ya kumaliza. Mkikaza ya kwanza mpaka mwisho kabla hamjagusa ya pili, hedi itapinda, maji yataingia kwenye oili, halafu mtasema gasketi ni feki.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa la taimingi, na hilo bado naweza kulicheka. Mnajua kwamba gia ya krenki na gia ya kamshafti lazima zikutane kwa alama, ili valvu ifunguke na kujifunga pale pistoni inapotaka. Mimi nilijua pia. Alama za kiwandani zilikuwa zimelika, nikachora zangu kwa mkaa kabla sijafungua. Halafu nikaziosha gia kwa dizeli, na mkaa ukaenda zake na dizeli. Nikaona aibu kusema. Nikakisia, nikakosea jino moja.

Ubaya wa jino moja ni kwamba injini inawaka. Ingekataa kuwaka ningeokoka. Ikawaka, ikanguruma, nikajiona fundi. Dereva wetu Salumu akalichukua kulijaribu. Salumu alikuwa mtoto wa ukoo wa wenye maduka mjini, kanzu yake ya Ijumaa nyeupe kama karatasi, na mdomo wake siku zote uko tayari. Akarudi baada ya saa nzima, moshi mweusi nyuma yake.

"Kazimili," akaniambia, "mmelitengeneza au mmeliroga? Mama mmoja mwenye ndoo kichwani amenipita mlimani. Na akanisalimu."

Ladislao hakugomba. Alinifanya nifungue upya kila kitu nilichofunga, peke yangu, yeye kakaa kwenye kigoda anakula karanga. Tulipofika kwenye gia akashuka, akahesabu meno kwa Kifipa. Alisema Kiswahili kinamharakisha. Akahesabu mara tatu, akachora alama mpya kwa ncha ya chuma, ndani kabisa, isiyofutika kwa dizeli wala kwa machozi yangu. Kisha akanipa mkono wa kuzungushia injini.

"Zungusha mwenyewe," akasema. "Mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, simama, fungua. Usiibembeleze, na usiite stata. Stata haina akili, itavunja kila kitu."

Mpaka leo sijawahi kuwasha injini niliyoifunga bila kuizungusha kwanza kwa mkono mizunguko miwili. Nyie mnapiga ufunguo mnasikiliza. Mnasikiliza nini? Mkisikia kitu, kimeshavunjika.

Sasa nifike kwenye rangi.

Spana yenye kipimo, ile inayokuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani, ilikuwepo moja tu yadi nzima. Haikuwahi kugusa nati. Meneja aliifungia kabatini ofisini kwake kwa sababu imeandikwa kwenye daftari la mali ya umma, na ikipotea atajibu yeye. Ilikaa ndani ya sanduku lake la bluu, ina grisi ya kiwandani. Wageni wakija anawaonyesha. Haki ya Mungu, niliwahi kumwona anaifuta vumbi kwa leso.

Ladislao akatafuta njia yake. Alichukua mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia ya mahindi, akaifunga kwenye mwisho wa spana ndefu. Unavuta mizani badala ya kuvuta spana, unasoma mshale. Alikuwa ameandika kwa chaki ukutani: nati za konrodi mshale ufike hapa, bolti za hedi ufike hapa. Watu walicheka, lakini injini zetu zilidumu.

Na alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote. Anayekaza hapaki rangi, na anayepaka rangi hakazi. Mimi nikikaza nati, yeye anakuja nyuma yangu na spana yake, anairudia moja baada ya moja, na ile aliyoridhika nayo anaipiga rangi nyeupe kwa brashi ndogo. Kila mtu yadini alijua: ukiona rangi nyeupe, Ladislao amekagua. Hata Meneja alijua. Na alivyopiga rangi alikuwa na mtindo wake. Alivuta mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma ilichokalia, ili nati ikisogea hata kidogo mstari ukatike na uonekane.

Sheria ya pili ilikuwa yangu mimi mkazaji. Ukikatizwa katikati ya kazi, kwa sababu yoyote, ukirudi usiendelee. Legeza ulizokuwa unakaza, anza upya. Ladislao alisema kichwa cha mtu hakikumbuki kilipoishia, kinajitungia tu.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Tulikuwa tunafunga injini ya lori la Salumu, silinda sita. Konrodi, kwa wale ambao bado hamjaifungua moja, ni mkono unaoshika pistoni juu na krenki chini, na kule chini una kifuniko kinachoshikwa na nati mbili tu. Nati mbili zinabeba kila kitu. Silinda sita, nati kumi na mbili. Tulikuwa tumemaliza silinda nne za kwanza. Nimekaza, Ladislao amekagua, mistari myeupe minane imekaa vizuri. Zimebaki silinda ya tano na ya sita.

Basi ilikuwa inatazamiwa ziara. Mgeni mkubwa anakuja, na mji mzima umechanganyikiwa. Meneja akatuma mtu: Ndugu Ladislao ni mjumbe wa kamati ya mapokezi, aje kikaoni sasa hivi. Ladislao akafuta mikono. "Usifunge sampu mpaka nirudi," akaniambia. Sampu ni lile karai la oili chini ya injini; likishafungwa, nati za konrodi hazionekani tena. Nikamjibu, "Sawa, mzee."

Kabla hajafika getini akaja mtu mwingine kuchukua mizani. Mizani yetu. Inahitajika kupimia nyama ya wageni. Mnaelewa hasira yangu? Spana ya kipimo iko kabatini inapumzika, na mizani imeenda kwenye nyama. Nikabaki na mkono wangu.

Nikakaza kwa mkono. Nilikuwa na mkono mzuri, sitakataa. Silinda ya tano, raundi ya kwanza, raundi ya pili. Nati ya kwanza nikaimaliza. Nilikuwa nimeshika ya pili wakati chuma cha yadi kilipogongwa, kile kiringi cha gurudumu tulichokitundika kama kengele. Watu wote nje, kufanya mazoezi ya kupanga mistari ya kumpokea mgeni. Tukasimama juani, tukapiga makofi kwa amri, tukaacha kupiga kwa amri. Sijui tulikaa muda gani. Niliporudi nikaingia chini ya injini na mkono ukaenda wenyewe kwenye silinda ya sita. Sikulegeza, sikuanza upya. Kichwa kilijitungia kwamba ya tano imekwisha.

Nilipomaliza ya sita nikaona viatu vya Meneja. Vilikuwa vimepigwa rangi.

"Bado tu?"

"Bado Mzee Ladislao hajakagua nati nne za mwisho, Ndugu Meneja."

"Lori hili linatakiwa jioni kupeleka viti uwanjani. Ladislao yuko kikaoni."

"Ameniambia nisifunge mpaka arudi."

Akainama akanitazama. "Wewe Kazimili ni fundi au ni msaidizi wa Ladislao? Niandike kwamba hujui kazi? Niambie tu niandike."

Pumbavu zangu. Ningesema andika. Ningesema hata mimi naomba uandike, na uandike pia mizani iko wapi. Lakini alinigusa penye kidonda. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya Ladislao miaka mitano na kila nati yangu ilikuwa inarudiwa na mtu mwingine, na mbele ya viatu vile nilitaka kuwa fundi mara moja tu. Nikachukua kopo. Sikuwa na mtindo wa mtu yeyote. Nikachovya brashi nikadondosha nukta kwenye pembe ya kila nati, nukta nne. Meneja akatazama, akaona nyeupe, akaridhika. Nikafunga sampu.

Ladislao aliporudi lori lilikuwa limeshatoka getini. Aliniuliza swali moja. "Zile nne?"

"Ziko sawa, mzee. Nimezirudia mwenyewe."

Alikwenda kwa Meneja kuomba lori lirudishwe lifunguliwe. Nilimsikia kutoka uani, na nilimsikia Meneja akimjibu kwamba asimharibie ziara. Kesho yake akamfuata Salumu. "Ukisikia inagonga, hata kidogo, zima, usingoje," akamwambia. Salumu akasema atazima. Ziara ikapita, viti vikapelekwa vikarudi, na kila siku lori liliporudi zima mimi niliona nimeshinda. Ladislao aliomba tena injini ifunguliwe. Akaambiwa asubiri, mbolea inangojwa vijijini.

Halafu siku moja, Salumu amepakia mbolea, yuko mlimani, ikagonga. Alizima kama alivyoambiwa, lakini haikungoja. Konrodi ya tano iliachia na kutoboa ubavu wa injini. Lori likarudi nyuma, breki hazikushika mzigo ule, likaacha barabara likalala. Salumu alivunjika paja. Alipona, lakini tangu hapo alitembea akiburuta mguu, na hakuendesha tena.

Injini ikavutwa mpaka yadini. Wakaja wakubwa wawili kutoka ofisi za juu, kwa sababu siku zile lori la umma likifa kuna neno moja linatajwa, nalo ni hujuma. Tukaitwa wafanyakazi wote tukasimama uani. Meneja akafungua sampu mbele yetu, akaingiza mkono kwenye oili, akatoka na nati. Nzima kabisa. Uzi wake safi, haujakatika wala kuchunika. Yaani haikuvunjika, ilijifungua. Na kwenye pembe yake ilikuwa na rangi nyeupe.

Meneja akainua juu. "Ndugu zangu, hapa yadini rangi nyeupe ni ya nani?"

Kila mtu alimtazama Ladislao.

Mzee akasogea akaiomba ile nati. Akaifuta kwa kidole gumba. Aliitazama muda mrefu, na mimi nilijua anatazama nini: ilikuwa nukta, si mstari. Katika ua ule mzima tulikuwa watu wawili tu tunaojua tofauti hiyo.  Alitembea mpaka mbele yangu akaniwekea nati mkononi.

"Itazame vizuri, Kazimili," akasema. "Waambie unaona nini."

Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya yadi. Niliyafikiria hayo yote nikiwa nimeishika ile nati, na bado ina joto la kidole chake. Najua mnangoja niwaambie kwamba nilisema.

Nilisema, "Naona rangi nyeupe."

Nikamrudishia.

Ladislao aliwageukia wale wakubwa. "Rangi ni yangu," akasema. "Nilijua hazijakaguliwa, nikaacha gari litembee. Andikeni hivyo." Hakumtaja Meneja, hakuitaja mizani, hakunitaja mimi. Meneja aliandika haraka sana, akihofia mzee atabadili maneno. Wakamweka ndani siku kadhaa, wakamwachia kwa kukosa ushahidi wa hujuma, lakini kazi ikawa imekwisha. Alirudi Chala na begi moja. Kopo la rangi liliachwa dirishani mpaka likakauka.

Mimi nikawa fundi mkuu. Ndiyo, cheo nilikitaka na nikakipata.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kufika Chala. Nilimkuta anafunga mashine ya kusaga ya kijiji, mikono ileile, kigoda kilekile. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha spana kwa kidevu. Nikakaza nati za mashine ile. Nilipomaliza akarudia zote, moja baada ya moja, akavuta mistari yake. Ndipo nikasema.

"Mzee, nati ile ilikuwa yangu. Rangi niliipaka mimi."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

Aliinua uso, na ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika. Sauti haikupanda.

"Mimi niseme? Nilikuwekea mkononi. Nilisimama pale nikakungoja wewe useme. Ningesema mimi, ungekuwa umeshtakiwa tu. Nilitaka ukiri, ili nirudi kazini na mtu ninayeweza kumwachia injini." Akafunga kopo lake. "Sasa umekuja kuniambia mimi ninayejua. Nenda kawaambie wasiojua."

Nikamwahidi nitakwenda. Nikapanda gari, nikarudi Sumbawanga, na sikumwambia mtu. Kwanza nilisema nangoja mtoto akue. Halafu Meneja akahamishwa na cheo juu, nikasema sasa nani atajali. Halafu Salumu akafariki, na yeye ndiye niliyepaswa kuanza naye. Halafu Ladislao mwenyewe. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma.

Katikati ya hayo msemo ukazaliwa. Mafundi wa yadi walitawanyika na gereji zao, wakaondoka nao. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa stendi, fundi mmoja anamtania mwenzake, na watu wanacheka. Mimi pia nilicheka. Hilo sijawahi kumwambia hata mke wangu, atalisoma hapa. Nimeusikia miaka yote hii, nimewafundisha vijana wengi kukaza kwa raundi tatu na kuzungusha injini kwa mkono, vijana ambao wamewafundisha nyie, na hakuna hata mmoja niliyemwambia nani alinifundisha mimi.

Na wiki iliyopita pale Milanzi, baada ya kijana kusema mwizi mwizi hivi, nilifanya nini? Nimewaambia mwanzoni na mmelipita bila kushtuka. Nilikaa tena juu ya tairi. Miaka yote hii, nati iko mkononi mwangu, na nilisema tena rangi nyeupe.

Basi inatosha. Yule kijana mwenye simu begani, sina ugomvi na wewe, ila hedi ile ifungue uianze upya katikati. Jumatatu nakuja hapo gerejini kwenu na nitayasema haya nimesimama, mbele ya wote, kama nilivyopaswa kusimama uani. Mzee Ladislao wa Chala alikagua kila nati aliyoipiga rangi katika maisha yake, na alama yake ilikuwa mstari. Nukta ni zangu. Nati ya silinda ya tano niliiacha mimi, mguu wa Salumu niliuvunja mimi, na jina langu mnalo. Mkikuta tena nati yenye rangi inayozunguka kwa vidole, iiteni rangi ya Kazimili.